MUULIZE SHANGAZI: Nimetoka kwa mtumishi, saivi namfuata kila anayeongea kwa kujiamini

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi ni mama wa watoto wawili, nipo Mwanza. Nimekulia kwenye kanisa moja dogo, wazazi waliingia nikiwa bado sijaanza shule, mtumishi ndo alikuwa anaamua kila kitu, nani aolewe na nani, ukiumwa huendi hospitali mpaka akuombee kwanza na akishaomba mara nyingi anasema usiende kabisa, ndugu zetu wasiosali pale tuliambiwa ni watu wa dunia tusile nao. Nimeshatoka, kilichotokea sitaki kukielezea sana. Tatizo nilidhani nikitoka tu akili itafunguka yenyewe, kumbe wapi. Nikaanza kumfuatilia jamaa mmoja YouTube anafundisha mafanikio, nikamwamini mzima mzima, akatuingiza kwenye biashara ya mtandao ya virutubisho, mtaji wangu wa vitenge wote ukaenda. Na mtoto akipata homa usiku namsikia mtumishi kabisa, "ukitoka utazika". Hospitali naenda lakini natetemeka. Wenzangu nyie mlijifunzia wapi kufikiri? Maana mi nilifundishwa kuitikia.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa mtaji. Na nani kakwambia sisi wengine tulifundishwa? Pita kijiwe chochote cha kahawa hapo Mwanza usikilize.

Tuanze na hiyo homa. Ukifika zahanati wanamtoboa mtoto kidole, tone la damu linawekwa kwenye kile kipimo cha haraka cha malaria, mnakaa dakika 15 au 20 majibu hayo. Sasa angalia kitu kimoja, kile kipimo kinaweza kusema hapana. Daktari anaweza kuwa ameshahisi malaria tangu mnaingia mlangoni, kipimo kikasema hakuna, ikabidi atafute kingine. Sisemi hakikosei, mara mojamoja kinakosea, ila kina uwezo wa kumkatalia mwenye nacho.

Haya, mrudie mtumishi. Mtoto akipona, maombi yamejibiwa. Asipopona, imani yako ndogo, au kuna dhambi umeificha, au umeongea na mtu wa dunia. Akifa, Mungu kampenda zaidi. Sasa niambie, ingetokea nini mtumishi aonekane kakosea? Hakuna! Na yule wa YouTube je? Ukipata hela ni mfumo unafanya kazi, usipopata ni uvivu wako na fikra za kimaskini. Ni yule yule kabadilisha koti, ndo maana ulimzoea haraka.

Kwa hiyo mtu akikuletea neno zito, liwe la Mungu, la hela, la dawa au la siasa, muulize au jiulize kimoyomoyo: kitokee nini ndo tukubali hili si kweli? Mwenye kitu cha maana atakuwa na jibu, hata kama halimfurahishi. Mwenye janja atakasirika, au atasema swali lenyewe ni la shetani.

Na hili si la kinadharia mwanangu, limeua watu. Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, kulikuwa na kundi la kina Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, waumini waliambiwa dunia inaisha 31 Desemba 1999. Watu waliuza mali wakakabidhi. Januari ikafika, kuku wanawika kama kawaida. Hapo sasa ndo kipimo kilikuwa kimesema hapana, tena kwa sauti. Waliohoji wakasikia kuna tarehe nyingine, na 17 Machi 2000 mamia wakateketea ndani ya jengo lao la ibada, baadaye ikapatikana miili mingine mingi imefukiwa kwenye nyumba za viongozi. Marekani nako mhubiri William Miller aliwatangazia watu Yesu anarudi, tarehe ikaja kuwa 22 Oktoba 1844, ikapita, kuna waliorudi kwao wakiwa na aibu na kuna waliokaa chini wakapiga hesabu upya. Hao wa pili hawakuwa wajinga. Ukishauza shamba, ukagombana na mama yako, ukawatoa watoto shule, kukubali umedanganywa kunauma kuliko kusubiri tarehe mpya, na wewe hilo unalijua kuliko mimi.

Kingine ni shuhuda. Zinatuteka sana kwa sababu nyingi si za uongo, yule dada kweli kichwa kiliacha kuuma. Ila maiki anapewa nani? Aliyepona. Aliyerudi nyumbani na ugonjwa wake haitwi mbele, na aliyekufa haji kabisa. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kwa Babu, marehemu Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kikombe cha dawa yake shilingi 500, foleni ya magari ya kutisha, na vigogo walikunywa. Sisemi Babu alikuwa kama huyo mtumishi wako, hakumfungia mtu ndani na hiyo mia tano haikumtajirisha. Nasema sisi. Kila mtaa ulikuwa na mtu anayemjua mtu aliyepona, nani mtaani kwenu alihesabu waliokunywa wakabaki vilevile? Halafu magonjwa kibao yanapungua yenyewe, mafua, homa za virusi, mgongo, na watu huwa wanakimbilia maombi au kikombe siku wamezidiwa kabisa, yaani siku ambayo kesho yake kwa vyovyote ina uwezekano wa kuwa nafuu.

Sasa hiyo sauti ya usiku. Usipigane nayo, utachoka. Chukua daftari uandike inachosema, tarehe na utabiri wenyewe, "mtoto hataamka na homa hii", kisha asubuhi andika kilichotokea. Lakini usije ukanidanganya na daftari lako! Iko siku jambo baya litatokea, maana maisha ndo hivyo, mtoto atalazwa au mume atapoteza kazi, na sauti itasema si nilikwambia. Siku hiyo jiulize swali moja zaidi: na wale waliobaki ndani je, hawazikagi? Hebu kumbuka majina, unawajua. Kama waliobaki wanafiwa na waliotoka wanafiwa, laana inafanya kazi gani hapo? Hofu yenyewe inaweza kukaa hata miaka, ilipandwa ukiwa mtoto. Ukiona inakunyima usingizi, pale hospitali ya mkoa ulizia mtaalamu wa afya ya akili, haimaanishi umechanganyikiwa.

Kuna shimo lingine upande wa pili, nawaona wengi wanatumbukia. Mtu ametoka, kaumizwa, anaamua sasa haamini mtu yeyote, madaktari wezi, chanjo sumu, gazeti uongo, na jioni anaamini video ya dakika tatu aliyotumiwa WhatsApp. Huko si kufikiri, ni kuitikia kwa upande wa kinyume. Huwezi kukagua kila kitu mwenyewe, hakuna awezaye. We mwamini anayeweza kukaguliwa: daktari ana leseni na baraza lake, cheti cha matibabu unatembea nacho, ukienda kwa daktari wa pili yule wa kwanza hakulaani.

Na kwa kuanzia, mtu yeyote akitaka hela yako au uamuzi wako, mwambie nitakujibu kesho kutwa. Hata kama umeshamwamini. Hata kama ni mimi. Uone nani ananuna.

SWALI: Shangazi, nipo Kisauni, Mombasa. Ndugu yangu mdogo ameshikwa na kikundi fulani, ameacha kazi bandarini, anataka kuwatoa watoto shule ati ni elimu ya mpinga Kristo. Nikimwonyesha ukweli tunagombana. Nifanyeje nimfungue macho?

JIBU: Acha kwanza kumfungua macho, utamfungia mlango. Ameshaambiwa ndugu zake watampinga, kwa hiyo kila ukimpigia kelele unatimiza unabii. Mpigie simu muongee mpira, mama, bei ya unga. Muulize maswali ya kutaka kujua kweli, "na mkipangiwa tarehe ya mwisho wa dunia ikapita, mtafanyaje?", mwachie, usidai jibu hapo hapo. Siku akitaka kutoka atahitaji mahali pa kulala na mtu asiyemcheka, na huyo inabidi uwe wewe.

Ila watoto ni jambo jingine, hapo hakuna subira. Nyie wa Pwani mnaikumbuka Shakahola, ule msitu wa Kilifi ambako inadaiwa waumini waliambiwa wafunge kula mpaka wafe wakamwone Yesu. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, alikuwa anahubiri dhidi ya shule na hospitali miaka kabla ya ule msitu, watu wakadhani ni mahubiri tu, ilipofika Aprili 2023 makaburi yakaanza kufukuliwa na miili iliyotolewa ilipita 400, watoto wengi mno. Yeye mashtaka ameyakanusha, tuiachie mahakama. Wewe ukisikia watoto wametolewa shule, hawapelekwi hospitali au wanafungishwa, piga 116, ni namba ya bure ya watoto, kisha uende kwa chifu na afisa wa watoto. Ndugu yako atakasirika, sana tu. Akasirike watoto wakiwa wazima.

SWALI: Niliuliza hela ya ujenzi wa kanisa imeenda wapi, mume wangu anasema kuhoji mtumishi ni kukufuru, ananisomea Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu". Nimjibu nini? Nipo Morogoro.

JIBU: Mwambie aendelee na huo mstari unaoongelea kutowadhuru, halafu akuonyeshe ulipomdhuru mtu kwa kuuliza hela ya ujenzi imeenda wapi. Kisha mfungulieni pamoja Kumbukumbu la Torati 18:22, nabii akinena kwa jina la Bwana na jambo lisitokee, basi Bwana hakulinena. Na Matendo 17:11, watu wa Beroya walimsikiliza Paulo mwenyewe halafu wakaenda kuyachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo, na wamesifiwa kwa hilo. Sikwambii uache kusali mama, hayo ni yako na Mungu wako. Ila risiti ya ujenzi endelea kuiulizia.