Blogu ya tovuti tuli: andika kwanza, pamba baadaye

Mwezi wangu wa kwanza na Hugo, programu ya kujenga tovuti tuli (yenye kurasa zilizoandaliwa mapema), uliisha bila makala hata moja. Nilikuwa nimebadilisha mandhari, yaani mwonekano wa tovuti, mara nne, nimechagua rangi na kupanga menyu, lakini ndani hamkuwa na cha kusoma. Kwa hiyo wewe unayeanza, chukua mandhari yoyote inayosomeka vizuri kwenye simu, andika makala tatu, ndipo upambe. Makala zenyewe ndizo zitakazokuonyesha mandhari inapwaya wapi.

Programu ipi? Usihangaike sana. Jekyll, ya mwaka 2008, inahitaji lugha ya programu ya Ruby, na kuisakinisha Ruby huwachosha wengi mapema. Eleventy inamfaa anayejua lugha ya JavaScript. Hugo ni faili moja tu, unaiweka kwenye kompyuta na kazi inaanza. Ndiyo ninayowapendekezea wageni. Zote huchukua maandishi yako ya Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio), zikayatia kwenye violezo na kutoa kurasa za HTML. Hakuna hifadhidata, na msomaji akifungua ukurasa, seva humpa faili iliyokwisha andaliwa.

Yatakayokusumbua ni mambo madogo, hasa ile mistari ya juu ya faili inayobeba kichwa na tarehe. Kichwa chenye nukta mbili kisipofungwa kwa alama za kunukuu, ujenzi wa tovuti unakwama. Makala yenye draft: true, yaani iliyotiwa alama ya rasimu, haitoki. Yenye tarehe ya mbele nayo haitoki, na hapa nilipoteza jioni nzima: nilikuwa nimeandika saa bila kutaja ukanda wake, Hugo ikaihesabu kwa UTC, saa ya kimataifa ya Greenwich. Ukiwa mashariki ya Greenwich, saa yako ya sasa kwa UTC bado haijafika, basi makala inafichwa na hupewi onyo lolote. Ongeza ukanda, kwa mfano +03:00, mwishoni mwa saa.

Tovuti ikipanda bila rangi wala mpangilio, kagua baseURL, yaani anwani ya tovuti kwenye faili ya mipangilio, kabla ya kugusa kitu kingine.

Weka folda yote kwenye Git, programu ya kutunza kila toleo la faili zako, tangu siku ya kwanza. Na tafadhali, jizuie na vile vijalizo vya Hugo vya kupachika picha na video, vinavyoandikwa kwa mabano ya mawimbi maradufu. Vinarahisisha kazi leo, lakini nilipohamia Eleventy havikueleweka kabisa, nikalazimika kufungua makala moja baada ya nyingine nikiviondoa kwa mkono. Makala nilizoandika kwa Markdown tupu zilihama bila kuguswa.