Usilivue hilo gari! 504 yangu ilifia kwenye ndoo za rangi

Weka spana chini, mdogo wangu. Nimesoma uzi wako hapa jukwaani vizuri tu mpaka pale ulipoandika "wiki ijayo naanza kulivua lote libaki bodi tupu, nimalize kazi mara moja", tumbo likanikata. Umeachiwa Peugeot 504 ya 1979 na baba yako mdogo huko Moshi, inawaka, inatembea, breki zinashika ukizibembeleza, halafu unataka kuilaza? Kisha unatuuliza ufanyeje ili hamu isiishe! Hamu ya gari la zamani inaisha siku linapopandishwa juu ya mawe. Usilivue.

Yangu niliinunua 2016 kwa mwalimu mstaafu Morogoro, milioni tatu na nusu. Nikaiendesha mwenyewe mpaka Dar. Gia ya kwenye usukani, siti kama makochi ya sebuleni, shimo likija unalisikia kwa mbali kama habari ya jirani. Pale Chalinze nikasimama kujaza mafuta, mzee mmoja akaipapasa boneti akaniuliza, "Bado zipo hizi?" Nilivimba kichwa mpaka Kibaha. Mzee wangu alikuwa anatusimulia dereva Bert Shankland alivyochukua mbio za magari za Safari mara mbili na Peugeot 404, 1966 na 1967, kwa hiyo mimi nilishajiona narudisha heshima ya ukoo. (Na wewe najua umeshaangalia picha za Ove Andersson na 504 kwenye Safari ya 1975. Ile iliyoshinda 1978 ilikuwa kupe, yaani ya milango miwili, yenye injini ya V6 ya silinda sita, usije ukajidanganya kuwa ndiyo hiyo ya baba mdogo.)

Halafu nikakutana na "mtaalamu". Alikuwa kwenye kundi letu la WhatsApp, anaandika kwa kujiamini kama daktari bingwa. Akaniambia gari la kale halitengenezwi vipande vipande, huo ni ushamba. Unalivua lote, unapiga rangi, unarudisha, basi. Nikamwamini. Nilikuja kugundua baada ya mwaka kwamba hajawahi kumiliki gari la zamani hata moja, anaendesha Toyota IST, kigari cha juzi tu. IST! Hata tairi ikipata pancha anapiga simu. Mtu huyo ndiye aliyenitoa milioni kumi na moja kwa maneno matupu, na mpaka leo yumo kundini anashauri watu.

Kulivua kulichukua siku tatu, na sijawahi kufurahi kama siku zile. Milango, mafendera, dashibodi, waya zote. Hapo ndipo unapoingia mtegoni, maana kuvua hakuhitaji akili, unajiona fundi. Nati na bolti zote nikazimwaga kwenye ndoo nne za rangi. Sikupiga picha. Sikuandika hata kikaratasi kimoja. Waya za taa za nyuma fundi alizikata na koleo, akasema "tutazijua tu kwa rangi zake". Za miaka arobaini hizo, zote zilishakuwa rangi ya vumbi.

Fundi bodi akapata msiba Tabora. Akaomba wiki tatu, akakaa miezi minne. Mvua zikaja. Siku naenda kuangalia, nakuta kuku wa jirani anaatamia ndani ya buti, mayai saba, na vijana wa gereji wako kivulini wanacheza drafti: kete ni vizibo vya soda, kingi ni nati zangu za manifoldi. Nikacheka. Ningefanyaje?

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo pesa ilipoteketea. Injini yenu hiyo ya lita 2 ina silivu za maji, yaani zile bomba ambazo pistoni inapanda na kushuka ndani yake hazikugandamizwa moja kwa moja kwenye bloku. Zimekalishwa tu, maji yanazizunguka, chini zina sili nyembamba, na kinachozibana zisiinuke ni silinda hedi yenyewe. Ukishatoa hedi, ukizungusha injini kabla ya kuzikaba silivu kwa bolti na washa pana, pistoni inaziinua kidogo. Kidogo tu, wala huoni. Ila sili imeshahama. Yangu hedi ilikuwa nje, na fundi wangu wa injini alikuwa anakuja kila wiki kuizungusha kwa mkono "isigande". Nikamsifu kwa bidii yake! Nikampa na hela ya soda!

Baada ya miezi kumi na nne tukaifunga. Ikawaka mkupuo wa kwanza, vijana wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga picha ya kwanza tangu kazi ianze. Kesho yake nachomoa kijiti cha oili: chai ya maziwa. Rangi ile ile kabisa, ungeweza kuiletea chapati. Maji yote yamepita chini ya silivu kwenda kwenye oili. Tukafungua upya, na kwa kuwa walikuwa wameshaiendesha saa nzima wakisikiliza mlio, beringi nazo zilikuwa zimekwenda. Fundi akasema injini za Kifaransa ndivyo zilivyo. Hapana bwana, wewe ndivyo ulivyo.

Kwanza nilikuwa naenda gereji kila Jumamosi na chakula cha mafundi. Ikawa kila baada ya wiki mbili. Mwisho nikawa nazunguka njia ya mbali nikitoka kazini, ili nisilione. Mama watoto hakusema neno, na huko kunyamaza ndiko kulikoniuma zaidi. Nikamuuzia jamaa aliyekuwa anataka giaboksi na vioo, milioni moja na laki mbili, ndoo za nati nikampa bure.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na siijadili: Jumapili jioni gari litembee. Kazi yoyote ambayo haiwezi kwisha kabla ya Jumapili jioni, igawe, au isubiri. Nina Volkswagen sasa, ile ya mgongo wa kobe, mwaka wa nne huu. Ina kutu kwenye mlango wa kushoto unayoweza kupitisha kidole. Mwezi uliopita nimefanya waipa, mwezi huu kebo ya klachi. Jumamosi asubuhi naenda nayo Feri kununua samaki, inanuka samaki wiki nzima, na bado naisikia hamu ile ile ya Chalinze.

Wewe anza na breki, usitembee na breki za kubembeleza. Kisha mipira yote ya maji. Kisha angalia feni: kama ni ile yenye sumaku ya umeme, haizunguki kwa nguvu mpaka injini ipate joto, na ina kaboni ndogo inayopeleka umeme pale katikati. Ikiisha au waya ukichomoka, feni haishiki na gari linachemka kwenye foleni. Kuibadilisha hiyo kaboni ni kazi ya chini ya saa moja, na utajisikia umejenga ndege. Hedi usiiguse kama haivuji.

Spea nyingine pita Gerezani na Shaurimoyo huku Dar, nenda na kile kibovu mkononi, usiende na jina tu. Uliuliza na kitu kuhusu bima, kama sikosei, na ile rangi. Wengine watakujibu. Kesho asubuhi liwashe, ulipeleke hata sokoni, halafu urudi utuambie joto lilipanda mpaka wapi kabla feni haijashika.