Kikohozi Kilichonirudisha Kwenye Sigara

Mara ya kwanza nilipoacha sigara nilifika siku ya 18. Arosto ya siku tatu za mwanzo niliivumilia: hasira za bure, usingizi wa mang'amung'amu, vidole visivyojua pa kukaa. Kilichonishinda kilikuja baadaye. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nakohoa kuliko siku zote nilizokuwa navuta. Kila asubuhi niliinama kwenye sinki nikitema makohozi mazito ya rangi ya kahawia, mengine yana vidoa vyeusi. Nikajiambia kwamba mwili wangu umeshazoea moshi, sasa ukiukosa unaugua. Nikanunua pakiti. Siku mbili tatu baadaye kikohozi kikapungua, nami nikaona nimepata ushahidi. Imani hiyo ilinifanya nivute miaka minne mingine.

Kama unajaribu kuacha na kifua kimeanza kukusumbua, tafadhali soma hili kabla hujawasha tena.

Ndani ya mirija ya hewa kuna vinyweleo vidogo mno, havionekani kwa macho. Juu yake pametanda ute unaonasa vumbi na vijidudu. Usiku na mchana vinyweleo hivyo vinapigapiga kwa pamoja na kuusukuma ute kuelekea kooni, ukaumeza bila hata kujua. Moshi wa tumbaku huvipooza, na miaka ikienda huviua. Ufagio ukisimama, uchafu unabaki ulipo, na mwili hauna njia nyingine ya kuutoa ila kukohoa kwa nguvu. Ndiyo maana wavutaji wengi huamka na kikohozi. Ukiacha, vinyweleo vinaamka na vingine vinaota upya, kazi inaanza, na taka za miaka zinapanda juu. Kumbe makohozi yale kwenye sinki yalikuwa mapafu yangu yanajisafisha! Nilipowasha tena nilivipooza tena, kukawa kimya, nami nikauita ule ukimya nafuu.

Kikohozi cha namna hiyo huisha, kwa wengi ndani ya wiki kadhaa. Lakini ukiona damu, ukakonda bila sababu, kifua kikauma au kikohozi kikagoma kuondoka, nenda hospitali. Usijitibu kwa kubahatisha.

Ukimya huo nilikuja kuukuta tena kwenye fizi. Fizi zangu hazikuwahi kutoka damu, na kwa miaka mingi niliamini nina meno imara. Siku moja daktari wa meno alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akakichomeka taratibu kati ya jino na fizi. Kikazama, na kuendelea kuzama. Akaniambia mfupa unaoshika meno umeliwa. Nikamuuliza, mbona sijawahi kuona damu? Akanieleza kwamba nikotini hubana mishipa midogo ya damu, hivyo fizi za mvutaji zinaweza kuoza kimya kimya bila kutoa ile dalili ambayo ingemshtua mtu mwingine. Meno mawili yalishachelewa.

Sigara huanza kwa kuziba midomo ya walinzi wa mwili. Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu wengi tunasubiri mwili uongee ndipo tuache.

Tena tunaogopa saratani ya mapafu peke yake tukasahau moyo. Ndani ya moshi kuna gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inazunguka ikiwa imebeba mzigo usiofaa, na moyo unalazimika kupiga zaidi. Wakati huohuo kuta za mishipa zinachubuka, mafuta yanaganda humo, na damu yenyewe inakuwa rahisi kuganda. Hapo ndipo shambulio la moyo na kiharusi hutokea. Na usijidanganye kama mimi niliyepunguza kutoka pakiti nzima hadi sigara tatu nikajiona nimepona. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 kwenye jarida la kitabibu la BMJ ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya moyo aliyonayo anayevuta 20. Kupunguza iwe njia ya kufika sifuri, usiweke kambi hapo. Sigara zinazoitwa nyepesi nazo ni zilezile. Unavuta pafu refu zaidi ili upate nikotini yako.

Mara ya pili sikwenda mikono mitupu. Nilitumia plasta za nikotini, na chingamu zake pale hamu ilipopanda ghafla. Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009, na mwaka 2021 likaongeza varenikilini na bupropioni, ambazo utaandikiwa na daktari. Kuomba msaada si udhaifu, kwani nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tu baada ya pafu, na kitu chenye kasi hiyo hakishindwi kwa kukaza meno peke yake. Hamu yenyewe hudumu dakika chache: nilikuwa nainuka, nakunywa maji, natembea mpaka ipite. Na watu wa nyumbani niliwaambia mapema kwamba nitakohoa, wasishtuke.

Mwaka mmoja bila sigara, ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hushuka kwa karibu nusu. Miaka kumi, uwezekano wa kufa kwa saratani ya mapafu huwa karibu nusu ya ule wa anayeendelea kuvuta. Ila vifuko vya hewa vilivyokwisha haribika havioti tena, na hilo sitakuficha. Mimi ni mwaka wa sita sasa. Ngazi za kwenda ghorofa ya tatu bado zinanisimamisha mara moja, hapo ya pili, nikashika ukuta na kuvuta pumzi. Zamani nilikuwa nasimama mara tatu.