Bei ya zamani ya nyumba: maswali ya wanunuzi wa Malindi

Dalali anasema nyumba ya Kijiwetanga iliuzwa milioni mbili mwaka 2015, leo anataka tano. Nitahakikishaje?

Sachi ya kawaida, yaani upekuzi wa rekodi kwa msajili wa ardhi, haitakusaidia. Cheti chake kinataja mwenye ardhi wa sasa, ukubwa, na kama kuna rehani au zuio, bei hakuna. Mwambie wakili aombe nakala iliyothibitishwa ya kadi ya kijani, ile inayobaki kwa msajili wa ardhi. Sehemu yake ya pili inaorodhesha wamiliki kwa tarehe, na kila jina lina nafasi ya kiasi kilicholipwa. Kama 2015 haina uhamisho wowote, ama mauziano yaliishia kwenye makaratasi ya wakili bila kusajiliwa, ama dalali amejitungia.

Soma kadi taratibu. Panapoandikwa zawadi au urithi, hapana bei ya kulinganisha. Ploti ikiwa imekatwa kwenye shamba kubwa, kadi yake huanza siku ya kukatwa, kwa hiyo omba pia ya namba mama, yaani ya shamba lenyewe. Na uliza nyumba ilijengwa lini: huenda milioni mbili za 2015 zilikuwa za kiwanja kitupu chenye mnazi mmoja. Hati ya CR, ile ya sheria ya zamani ya pwani, haina kadi hiyo. Mauzo yake utayakuta kwenye faili la usajili Mombasa.

Kadi inasema laki nane, majirani wanasema milioni mbili. Nani mkweli?

Mara nyingi jirani. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Kwa milioni mbili za mjini ni shilingi 80,000. Kwa laki nane ni 32,000. Hapo ndipo tofauti ilipozaliwa: bei huandikwa ndogo ili ushuru upungue. Lakini mthamini wa serikali hukadiria mwenyewe, basi mwombe muuzaji risiti ya ushuru. Ikisoma 60,000, igawe kwa 0.04: serikali ilihesabu milioni moja na nusu.

Usiige ujanja huo. Ukija kuuza, kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15 tangu Januari 2023 (zamani ilikuwa 5), na bei ya kununulia iliyopunguzwa huifanya faida yako ionekane kubwa kuliko ilivyo. Nyumba uliyoishi mwenyewe miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza haitozwi, wala ardhi ya mtu binafsi inayouzwa kwa bei isiyozidi milioni tatu.

Nyumba ya upande wa Casuarina inauzwa kwa euro. Nilinganishe vipi na bei yake ya 2014?

Chagua sarafu moja. Mwaka 2014 euro moja ilikuwa karibu shilingi 115. Mwishoni mwa 2023 ilishapita 165. Nyumba ya euro 100,000 ilikuwa milioni 11.5, ikawa zaidi ya 16.5, na mwenyewe hakuongeza hata senti. Tazama pia aina ya umiliki: mgeni asiye raia hawezi kupata zaidi ya miaka 99 ya kukodi, kwa Katiba ya 2010. Uliza imebaki mingapi.

Bei imepanda maradufu kwa miaka kumi. Ni nzuri?

Kwa bei iliyopanda maradufu kuna njia ya mkato, gawa 72 kwa idadi ya miaka: ni kama asilimia 7.2 kwa mwaka. Tangu 2013 hadi 2024 bei za bidhaa Kenya zilipanda kati ya takriban asilimia 4.5 na 8 kwa mwaka. Faida yenyewe, basi, ni nyembamba.

Nyumba niliyoonyeshwa haina hati, ardhi ni ya mtu mwingine.

Hiyo ni nyumba bila ardhi, na kwa msajili huna cha kutafuta. Historia yake iko kwenye mikataba ya wauzaji waliotangulia na risiti za kodi anayolipwa mwenye ardhi. Dai vyote hivyo, pamoja na idhini ya maandishi ya mwenye ardhi kabla hujatoa hata rubuni, na usiilinganishe kamwe na bei ya nyumba yenye hati.