Angalia unavyotoka kwenye mkao, si unavyoingia

"Nimeshafanya yoga miezi sita, niende darasa la juu?" Swali hili hunijia kila mara, na huwa silijibu kwa kuhesabu miezi. Namwambia mtu ashuke kwenye Chaturanga, mkao wa kujishusha karibu na sakafu kama kwenye pushapu, atulie, kisha atoke polepole. Kushuka si kazi, uzito wa mwili unamvuta wenyewe. Ninachotazama akitulia ni viwiko kubaki kwenye nyuzi 90 bila mabega kudondoka chini yake, na akitoka, pumzi kuendelea kama kawaida. Akiibana pumzi, bado.

Mimi mwenyewe sikungoja. Mwaka wangu wa kwanza niliitamani Padmasana, ule mkao wa kukaa kila mguu ukiwa juu ya paja la mwenzake, na kwa kuwa nyonga zangu zilikuwa ngumu, nikaulazimisha mguu kwa mikono. Goti ni bawaba: limeumbwa kukunja na kukunjua, kuzunguka linazunguka kidogo tu. Mzunguko wa mkao ule hutoka kwenye nyonga, na nyonga ikigoma, goti ndilo linaloumia. Langu liliuma miezi minne, ngazi nikawa nazishuka kiubavu. Na kwenye picha nilionekana nimeuweza! Kumbe pumzi tano tu zingenishinda.

Pumzi tano ndicho kipimo changu tangu hapo. Katika Ashtanga, mtindo wa yoga wenye mfuatano maalumu wa mikao, mikao mingi hushikiliwa hivyo, na kwa desturi ya Mysore, mji wa India alikofundishia K. Pattabhi Jois, mwalimu aliyeueneza mtindo huo, mwalimu ndiye anayekupa mkao unaofuata baada ya kuona huu wa sasa umetulia. Kuna siku naiona desturi hiyo kali mno, maana mtu anaweza kukwama mahali pamoja kwa sababu ya umbo la mifupa ya nyonga zake, na mfupa haunyooshwi. Hata hivyo, inakukinga na haraka yako mwenyewe. Sutra ya Patanjali (2.46), maandishi ya kale ya yoga, inataka mkao uwe thabiti na wa raha, vyote viwili kwa pamoja.

Wageni wengi hawajui kwamba misuli hupata nguvu upesi kuliko kano, zile nyuzi zinazoishikiza misuli kwenye mifupa. Utajiona uko tayari huku kano zikiwa nyuma. Ukiinama mbele ukahisi mvutano katikati ya paja kwa nyuma, nao ukaisha ukiinuka, usihofu. Ukiuma pale juu kabisa, kwenye mfupa wa kukalia, huenda ni kano: acha kupanyoosha, punguza kuinama. Wenye viungo vinavyopinda kupita kiasi ndio hunitia wasiwasi zaidi, kwa sababu kila mkao huwakubali. Hao wanahitaji nguvu, si kunyooka zaidi.

Kusimama kwa kichwa ni habari nyingine. Mwenye glakoma (ugonjwa wa macho) au shinikizo la juu la damu ambalo halijadhibitiwa asijaribu kabla ya kumwona daktari. Wengine, wekeni viwiko chini, inueni nyonga, kichwa kisiguse mkeka, mkae pumzi kumi. Mabega yakitetemeka, shingo ndiyo itakayobeba mzigo.

Ukiamua kupanda, usihame kabisa. Badilisha kipindi kimoja kwa wiki, vingine vibaki kama vilivyo, kisha ujichunguze asubuhi inayofuata. Misuli ikiuma siku moja au mbili, endelea. Kiungo kikiuma, rudi ulikotoka kwa wiki kadhaa, ndipo ujaribu tena.