Jibu kwa mleta mada: dokumentari ya transjenda kwa michango ya watu

Mleta mada, umeuliza mambo matatu: pesa utaipata wapi ya dokumentari ya mama transjenda (yaani aliyeandikwa mwanamume alipozaliwa lakini anaishi kama mwanamke) aliyelea vijana waliofukuzwa kwao, wenzake waliokwisha kufariki utawaingizaje, na familia zao zikigoma ufanyeje. Mimi nilikuwa mratibu wa filamu ya aina hiyo, na gharama zake zote zilitoka kwenye michango. Waliokujibu kabla yangu wakikwambia utafute kamera ya maana kwanza, wanisamehe: kamera ndiyo shida ndogo kuliko zote.

Nianze na pesa. Mitandao ya kuchangisha haifanani. Kickstarter, ambayo ipo tangu 2009, ni yote au hakuna: usipofikia lengo ulilotangaza, hakatwi mtu hata senti. Ukifikia wanachukua asilimia 5, gharama za malipo mbali. Tena haipokei waandaaji kutoka kila nchi, kwa hiyo hakikisha hilo kabla hujahangaika na video ya kuombea michango. Sisi tulichangisha kwa awamu. Tuliomba ya kurekodi tu, tukaunganisha dakika chache watu wakaona kazi, ndipo tukaomba ya kuhariri. Pia kila aliyetoa tuliuliza kama jina lake liandikwe mwishoni mwa filamu, liandikwe la utani, au lisionekane popote. Usipuuze hilo. Orodha ya waliochangia filamu ya transjenda ikivuja, kuna mtu atapoteza kazi au nyumba ya kupanga.

Kwenye bajeti weka malipo ya wanaohojiwa. Najua wakongwe wa dokumentari hulipinga hili kwa hoja kwamba ukimlipa mtu unanunua maneno yake. Kwangu mimi hoja hiyo haina mashiko pale ambapo kila mwenye mkono kwenye filamu analipwa isipokuwa mwenye maisha. Paris Is Burning, dokumentari ya 1990 kuhusu ballroom za New York, yaani mashindano ya mavazi na dansi ya mashoga na transjenda, ilipoanza kuingiza pesa baadhi ya waliomo walidai haki yao, na mwisho wakagawana takriban dola 55,000 watu 13. Lipa muda wa mtu kabla kamera haijawashwa, kiwango kimoja kwa wote, aseme atakachosema. Kuhusu kikosi cha kazi, fanya kama walivyofanya waandaaji wa Disclosure, dokumentari ya 2020 kuhusu transjenda kwenye filamu na televisheni: nafasi walimtafutia transjenda kwanza, na alipokosekana, asiye transjenda aliyeajiriwa alitakiwa naye amfundishe transjenda mmoja kazi hiyo. Inachelewesha, ndiyo. Lakini mama yule uliyemtaja ataongea tofauti kabisa akiona anayemwekea kinasa sauti ni mtu wa kwao.

Sasa lililo kubwa zaidi, nalo halikuwemo kwenye swali lako: nani ana haki ya kusema "hiyo itoeni". Karatasi ya ridhaa inayosainiwa siku ya kurekodi haitoshi, kwa sababu siku hiyo mtu hajui filamu itakuwaje. Sisi tuliandika kwamba kila mhusika ataona sehemu zake kabla ya mtu yeyote wa nje, na anaweza kujiondoa mpaka siku tunapofunga uhariri. Bajeti ikatenga muda wa mhariri kwa ajili hiyo tu.

Mzee wetu, yaani mama transjenda ambaye filamu yetu ilimhusu, alipokuja kutazama sehemu zake, alikaa mbele ya kompyuta bila kusema kitu mpaka tulipofika kipande kilichopendwa na kila mtu, yeye mbele ya kioo, taa nzuri, anajipaka wanja. Akamwambia mhariri asimamishe. "Kila anayekuja na kamera anataka wanja. Mimi nimelea watu, nimeuguza, nimezika. Hivyo mmevirekodi au hamkuvirekodi?" Tulikuwa navyo, ila kwa mwanga hafifu na sauti yenye kelele za nje. Wanja ukatoka, vikaingia hivyo vyenye kelele. Mkurugenzi alinuna wiki nzima.

Ridhaa yenyewe igawe. Kuna anayekubali ukumbini na kwenye tamasha la nje ila hataki intaneti, maana intaneti inafika mpaka kwa mjomba wake. Mwandikie hivyohivyo. Na anayetaka kufichwa, usimfichie kwa kufifisha uso peke yake: sauti, pete, chale, hata rangi ya ukuta vinamtaja. Mrekodi kwa mgongo au mikono tu, kisha maneno yake yasomwe na mwingine. Wenye pesa nyingi wana njia nyingine: Welcome to Chechnya, dokumentari ya 2020 kuhusu mashoga na wasagaji wanaokimbia mateso huko Chechnya, ilibandika kwa kompyuta nyuso za watu waliojitolea juu ya nyuso za wahusika. Na picha za simu, futa taarifa za mahali zilipopigwa, zinazojihifadhi ndani ya faili, kabla hujamtumia mtu yeyote.

Kuhusu marehemu, anza na maboksi ya picha. Kaa na wazee, weka picha moja mezani, washa kinasa sauti, uliza "huyu nani?" Hapo ndipo tulipopata nusu ya filamu, maana wanabishana, wanasahihishana, wanacheka, na mtu aliyekuwa jina tu anapata sauti na tabia. Kumbuka kwamba haki ya picha kwa kawaida ni ya aliyeipiga, siyo ya aliyepigwa, kwa hiyo uliza pia nani alishika kamera. Nyuma ya picha utakuta majina ya zamani, yale waliyopewa na familia kabla hawajaanza kuishi kama walivyo. Hayo yahifadhi kwenye kumbukumbu, yasiende kwenye skrini.

Familia nenda nazo mapema, tena usiende na kamera. Kaka wa marehemu mmoja alishikilia kwamba jina la nyumbani litajwe, marafiki wakakataa katakata. Tulimwachia aongee anavyotaka. Akasema "mdogo wangu" mwanzo mpaka mwisho, ikapita. Familia ikigoma kabisa, usitumie chochote kilicho chao, tumia picha na ushuhuda wa marafiki, na umwone mwanasheria wa nchi yako kabla ya kutangaza, kwa kuwa sheria za faragha zinatofautiana.

Tarehe ya kuzindua pia muulize mama. Wetu tulimpendekezea Novemba 20, siku inayotumika tangu 1999 kuwakumbuka transjenda waliouawa. Akasema yeye bado yupo, tutafute nyingine. Tukazindua Machi 31, siku ya kuonekana kwa transjenda.

Limebaki moja: andikeni mapema nani atashika diski zenye mahojiano yote baada ya filamu kutoka, na nani anaweza kuzifungua. Ukimaliza bajeti ya awamu ya kwanza iweke hapa, tuipitie kifungu kwa kifungu.