Kwa dada au kaka uliyeletewa mdogo wako asome Tanga

Januari hii nimewaona wengi stendi ya Kange: kaka au dada kabeba godoro, mdogo wake kashika sanduku la bati, wametoka Handeni, Kilindi, Lushoto. Kama nawe ni mmoja wao, haya ni yako. Mimi mdogo wangu alishuka kutoka Mlalo miaka mitatu iliyopita, nikampokea kwenye chumba kimoja Ngamiani, na mwaka ule wa kwanza nilimkosea sana.

Nilidhani kazi yangu ni matumizi. Ada haikuwepo, maana tangu 2016 shule za serikali hadi kidato cha nne hazidai ada, kwa hiyo nikahangaikia sare, viatu, madaftari na hela ya kula mchana. Vyote alipata. Aprili akaleta karatasi ya Hisabati: 22. D huanzia 30, kwa hiyo hiyo ni F. Nikamsema uani, mbele ya wapangaji wenzangu na watoto wao. Hakujibu neno. Karatasi zilizofuata sikuziona, hadi mwezi wa sita nilipotoa godoro lake kulianika. Zilikuwa chini yake, zimekunjwa vidogo vidogo.

Usiku ule nilikaa naye mkekani na daftari lake la Baiolojia. Kulikuwa na neno moja refu la Kiingereza amelinakili toka ubaoni mara tano, kila mara kakosea herufi tofauti. Nikamuuliza maana yake, hajui. Tukafungua kamusi: usanisinuru. Akanikodolea macho. "Dada, si ile ya majani kujipikia chakula kwa jua? Mbona hii naijua!" Akanieleza yote, maji, hewa, mwanga, bila kukwama hata mahali pamoja. Mtoto alikuwa na elimu yake ya msingi nzima kichwani, ila ameipata kwa Kiswahili, na alipoingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yakamgeukia Kiingereza kwa siku moja. Mimi nikamwita mvivu.

Basi nakuomba, kabla hujamkaripia, muulize anajua nini kwa Kiswahili. Sisi tulichukua daftari tukalipiga mstari katikati, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, maneno kumi kila siku baada ya isha. Usiogope kwamba hukusoma sana. Mimi niliishia kidato cha pili, riziki yangu cherehani. Nilikuwa nashona, yeye ananisomea, na nisipoelewa namwambia, "Hapo rudia, mdogo wangu, hujanifikisha." Kule kurudia kulimsaidia kuliko chochote nilichomnunulia.

Mwalimu wa darasa mtafute mapema, usingoje kuitwa.

Ya moyoni hayatoki mkikaa mnatazamana. Mji wetu tambarare, watu tunaishi na baiskeli, na Jumapili alasiri tunaendesha pamoja hadi Raskazone. Njiani, yeye mbele mimi nyuma, ndiko nilikosikia kwamba wenzake wanamcheka lafudhi ya Kisambaa, na ndiyo maana darasani hanyooshi mkono. Nyumbani nilishamuuliza mara ngapi, jibu likawa "hamna kitu, dada." Nikamwambia tu kwamba nami nilichekwa nilipofika, tukaendelea kukanyaga pedeli.

Mama naye nilikuwa nikimpigia simu kumsomea makosa ya mwanawe, mtoto akawa anafokewa huku na kule. Siku hizi nampa simu yeye kwanza, aeleze habari zake mwenyewe. Na usimkumbushe kila mara unavyojinyima. Anajua. Anazinduka saa sita usiku anakuta taa inawaka na wewe bado uko kwenye cherehani.

Mwaka huu yuko kidato cha nne, mtihani Novemba. Hisabati ya mwisho alipata 51. Karatasi aliileta mwenyewe, akaibandika ukutani juu ya cherehani yangu. Wateja wa sare za harusi nimeshawaambia: Oktoba na Novemba, baada ya isha, sipokei kazi, kuna mtu ananisomea.